Taa ya Zumaridi na Dalali Mkweli

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimeamua kuachana na umaskini. Nimewahi kuamua hivyo, ila safari hii nina mpango.

Upo mchezo wa mtandaoni unaoitwa Kisiwa. Naucheza kwenye simu wakati dada anadhani napima vitambaa. Kila mchezaji ana nyumba yake kisiwani, na nyumba hujazwa vitu: viti, farasi, kofia, taa. Vitu hivyo havishikiki, lakini watu wanavinunua kwa pesa zinazoshikika. Shida yao ni kwamba hawaaminiani. Huyu anaogopa kutoa farasi kwanza, yule anaogopa kutoa pesa kwanza. Hapo ndipo anapoingia dalali. Anashika mali ya pande zote mbili, kisha anamgawia kila mtu haki yake.

Nitakuwa dalali. Watu watanikabidhi mali zao, nami nitatoweka nazo. Mpango mwepesi mno, sijui kwa nini si kila mtu anaufanya. Nikishauza, nitanunua cherehani yangu, nitafungua duka langu la mapazia, nitaondoka kwenye duka la dada na kwenye chumba chake cha uani. Tangu shemeji afariki mwaka jana, dada amekuwa mkali sana kuhusu pindo.

Nimefungua akaunti. Jina: Dalali Mkweli. Dada akapita kuuliza kama mapazia ya hoteli yameshapindwa. Nikasema bado kidogo. Kitambaa kilikuwa hakijatoka hata kwenye robota.

Jumatano, 5 Machi

Tatizo dogo. Hakuna anayemkabidhi dalali mgeni kitu cha maana. Inabidi kuanza na takataka ili nijenge jina.

Nikakaa na simu tangu asubuhi, chai ikapoa mezani. Mteja wa kwanza ni mwanamke anayejiita Bi Mawingu. Alikuwa anabadilishana kofia ya ukili na mtu. Nikashika kofia, nikashika ndoo ya yule mwingine, nikagawa. Mwisho nikaandika: Karibu tena, dirisha lako ni letu.

Ni neno la dukani. Dada alilitunga siku ya kufungua duka, na hakuna mteja anayevuka mlango bila kuambiwa. Nimelisema mpaka linatoka lenyewe, kama chafya. Huko kisiwani limependwa. Bi Mawingu akauliza kama nimekula. Nikamjibu kwamba nimekula. Watu wa mtandaoni ni wapweke sana.

Ijumaa, 7 Machi

Uaminifu unachosha. Siku nzima nashika vitu vya watu na kuvirudisha. Mmoja alisahau farasi wake kwangu akaenda zake, ikabidi nimtafute kisiwa kizima. Nilimrudishia huku roho inaniuma. Akanipa nyota, akaandika kwamba watu kama mimi wamebaki wachache.

Jambo la kuudhi: mpiga pasi wa kibanda cha jirani naye ni dalali huko. Anajiita Dalali Msafi. Ana nyota kunizidi, na amekuja mpaka dukani kunionyesha, akiwa amekunja mikono ya shati kwa kujidai. Akanipa ushauri kwamba siri ya kazi hii ni kutokuwa na tamaa. Nikamwambia amwangalie mteja wake, shati linaungua. Halikuwa linaungua, lakini alikimbia.

Jumapili, 9 Machi

Bahati imenijia yenyewe.

Kwanza, nimeandikiwa na mtu anayejiita Tajiri wa Usiku. Anatafuta Taa ya Zumaridi. Taa hiyo haiuzwi katika maduka ya kisiwani; ilitolewa mara moja tu, kwa walioshinda shindano gumu la kukesha. Anayetoa taa hiyo atalipwa bei ya cherehani mpya, ya umeme, ile yenye taa yake ndogo chini ya sindano. Sikumuuliza pesa anazitoa wapi. Mtu mstaarabu haulizi.

Pili, jioni Bi Mawingu akaniandikia. Ana taa kwenye akaunti nyingine, anataka kuihamishia kwenye yake. Akaunti ile itafungwa mwisho wa mwezi kwa sababu mwenyewe haingii tena. Bi Mawingu ana tableti moja tu, na hawezi kuingia kwenye akaunti mbili kwa wakati mmoja. Anaomba nimshikie taa wakati anatoka huku na kuingia kule.

Nikauliza ni taa gani. Akasema ya zumaridi.

Nilijidunga pini kidoleni. Nikamwandikia kwamba itakuwa heshima kwangu.

Jumatatu, 10 Machi

Nimefanya.

Akaunti ile inaitwa Nahodha Ndala. Ilikuja imevaa ndala kweli, ikasimama mbele yangu, ikaweka taa kwenye kisanduku cha kubadilishana. Mimi upande wangu sikuweka kitu. Tukabonyeza kubali. Taa ikawa mkononi mwangu, kijani, inawaka polepole. Bi Mawingu akasema asante, anatoka, anarudi sasa hivi. Mkono wangu ukaandika karibu tena, dirisha lako ni letu. Kisha nami nikatoka, ila sikurudi.

Tajiri wa Usiku alilipa hapohapo. Simu ikalia kwenye mfuko wa aproni, mlio mtamu. Nilikwenda kwa muuza cherehani, nikalipa sehemu kwa akiba yangu, nikamwahidi iliyobaki wiki hii, malipo yakisharuhusiwa kutolewa.

Dada alikuwa stoo na tableti yake, anaangalia picha za vitambaa kama kawaida yake. Alikaa huko muda mrefu. Wateja wakaja, nikawahudumia peke yangu, tena kwa furaha, na nikamuaga kila mmoja kwa tabasamu.

Jumanne, 11 Machi

Dada amekuja kazini macho mekundu.

Alikuwa anatunga uzi kwenye sindano, na bila kuniangalia akaniambia kwamba taa ya shemeji imepotea. Nikauliza taa gani. Akasema ya kwenye mchezo. Sikujua kama shemeji alikuwa anacheza. Sikujua kama dada mwenyewe anacheza. Vile vitambaa vyote alivyokuwa anaangalia huko stoo havikuwa vitambaa.

Akanisimulia taratibu, huku anashona. Shemeji aliishinda taa ile akiwa amelazwa hospitali, mkono mmoja una dripu, mwingine unacheza. Aliiwasha kwenye dirisha la nyumba yao ya kisiwani. Saa za kuona wagonjwa zikiisha, dada alikuwa anarudi nyumbani, anafungua tableti, anaiona taa inawaka, anajua shemeji yupo macho na anamsubiri. Huko ndiko walikokuwa wanazungumza mpaka mmoja asinzie.

Nahodha Ndala. Marehemu shemeji alivaa ndala hata benki. Nilipaswa kujua.

Nikamwambia watu wa mtandaoni ni wabaya. Dada akasema alimpa mtu anayemwamini. Akakata uzi kwa meno, akachukua pazia jingine.

Nimeona aibu. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Jumatano, 12 Machi

Mpango mpya: nairudisha taa, naiweka kwa dada bila kujulikana, kila mtu anafurahi, mimi zaidi.

Nikamwandikia Tajiri wa Usiku kwamba nataka kuinunua tena. Akasema ameshaiuza. Nikasema basi tuvunje biashara. Hakujibu. Baada ya muda mfupi simu ikalia, mlio mbaya: pesa zote zimerudishwa zilikotoka. Kadi iliyonilipa ilikuwa ya mtu mwingine kabisa, na mwenyewe amelalamika benki.

Kwa hiyo sina taa, sina pesa, na muuza cherehani anataka kumaliziwa chake. Nimetapeliwa mchana kweupe. Mtu unafanya kazi yako kwa uangalifu, unajenga jina, halafu mwizi anakuja na kadi ya wizi. Nilikasirika mpaka nikashona pazia la hoteli kwenye mkono wa shati langu. Mpiga pasi alikuwa amesimama mlangoni. Alisaidia kunifumua, na alicheka wakati wote alipokuwa akinifumua.

Alhamisi, 13 Machi

Simu kutoka kituo cha polisi. Sauti ya upole, ya mtu aliyekunywa chai yake akamaliza. Akajitambulisha kuwa mpelelezi wa makosa ya mitandaoni, akauliza kama anaongea na Dalali Mkweli. Nikasema madalali wakweli tuko wengi. Akasema anamtafuta yule wa mapazia.

Akanieleza bila haraka. Lipo genge linaloiba namba za kadi za watu. Hawachukui pesa moja kwa moja, maana zitafuatwa. Wananunua vitu vya michezoni, wanavipitisha mkono kwa mkono, wanaviuza kwa watu wasiojua kitu, na pesa inatoka safi kama shati la mpiga pasi. Huo mfano ni wangu. Kazi ya mtu wa kati, kama mimi, ni kuwapa mali bila kuuliza maswali. Nikamwambia hiyo ndiyo heshima ya biashara. Akasema niende kesho na mdhamini.

Nimetafakari ni nani anaweza kunidhamini. Nimepata mtu mmoja tu.

Ijumaa, 14 Machi

Nilimwambia dada kwamba naitwa kituoni kwa ajili ya kuegesha gari vibaya. Hakunikumbusha kwamba sina gari. Alivua aproni, akachukua mkoba, akasema twende.

Chumba cha mpelelezi ni kidogo, kina feni inayogeukia upande mmoja tu, upande wake. Akamuuliza dada kama yeye ndiye Bi Mawingu aliyelalamika kwa kampuni ya mchezo kwamba amepotelewa na taa. Dada akaitikia. Nikaangalia sakafu. Mpelelezi akaanza kusoma maandishi yetu kwenye kompyuta kwa sauti ileile ya upole, moja baada ya jingine, mpaka akafika kwenye dirisha lako ni letu. Akamuuliza dada kama anayafahamu maneno hayo.

Dada akasema ndiyo, ameyatunga mwenyewe.

Akasema alinijua tangu siku ya kofia. Ndiyo maana aliniuliza kama nimekula, maana asubuhi hiyo niliacha chai ikapoa. Na ndiyo maana taa hakumpa Dalali Msafi mwenye nyota nyingi. Alisema alifurahi kuona mdogo wake amepata kazi ambayo watu wanamwamini, na alikuwa anangoja nimwambie mwenyewe.

Feni ikazunguka. Nilitamani kuingia chini ya meza, lakini chini ya meza kulikuwa na mafaili.

Mpelelezi akachukua maelezo yangu yote, akasema nitakuwa shahidi dhidi ya genge na nitaripoti kila wiki. Kuhusu taa, akamuuliza dada kama anataka nishtakiwe. Dada akafikiri. Akasema kwanza nimalize mapazia ya hoteli. Mpelelezi akatabasamu akidhani ni utani. Dada yangu hajawahi kutania kuhusu mapazia.

Jumanne, 18 Machi

Kampuni ya mchezo imeifuata taa na kuirudisha. Lakini wameirudisha ilikotoka, kwa Nahodha Ndala, na akaunti yake inafungwa mwisho wa mwezi uleule. Inatakiwa kuhamishwa tena.

Nilijua dada atamwita mpiga pasi. Naye alijua, alikuja mapema, amechana nywele. Dada akamwambia akae, awe shahidi. Kisha akaniambia nichukue simu yangu.

Akaunti yangu bado ipo, ila wameipachika alama nyekundu. Nikamwambia dada kwamba dalali wala hahitajiki. Yeye angeingia kwa tableti kama Nahodha Ndala, na kwa simu yangu kama Bi Mawingu, akajipa mwenyewe, basi. Akasema hilo analijua tangu mwanzo. Anataka niishike mimi, halafu niirudishe mimi.

Alikaa mbele yangu, mkasi mkubwa wa kukatia vitambaa mapajani. Nahodha Ndala akanipa taa. Dada akatoka kwenye akaunti ile. Kwa muda kidogo taa ilikuwa kwangu. Nakiri niliangalia bei yake ya leo. Imepanda.

Bi Mawingu akaingia. Nikaweka taa kwenye kisanduku, nikabonyeza kubali.

Dada akaipeleka kwenye lile dirisha, akaiwasha. Akaiangalia kwa muda mrefu, akafuta kioo cha tableti kwa ncha ya aproni, kisha akafuta macho kwa ncha hiyohiyo. Na mimi nililia. Nikamwambia mpiga pasi ni vumbi la kitambaa. Akasema kweli, leo lipo jingi, na yeye akajipangusa.

Jumamosi, 22 Machi

Nimepata utulivu wa kuchambua makosa yangu, na nimeona ni moja tu. Mpango haukuwa na kasoro. Kilichoniponza ni lile neno la kuaga. Mtu anayefanya kazi kwa siri hatakiwi kuaga kama muuza mapazia.

Kwa hiyo nimefungua akaunti mpya. Jina: Dalali Mwaminifu. Haina nyota, haina alama nyekundu, hakuna anayeijua. Muuza cherehani nimemwomba anivumilie.

Mteja wa kwanza amekuja mchana huu, wakati dada yuko stoo. Ni mgeni, jina silijui, anabadilishana kofia ya ukili. Nimeshika, nimegawa, hakuna dosari. Mwisho nikaandika haraka neno la kuaga, likatoka lenyewe, na kazi ikaisha.

Mteja akauliza kama nimekula. Nimemjibu kwamba nimekula. Watu wa mtandaoni ni wapweke sana.