Karoti za Jumapili

Jumatatu, 4 Machi
Hili sijamwambia mtu. Karoti zilizosifiwa jana mezani sikuzipika mimi. Zangu ziliungua, sufuria iko uvunguni mwa kitanda changu. Zilizoliwa nilipewa na fundi cherehani wa mlango wa pili, bakuli zima, kwa huruma tu. Nadhani alisikia harufu. Nikazihamishia kwenye sahani yetu. Baba akalamba kijiko! Mama mdogo, ambaye ni mpishi mkuu wa kantini ya kiwanda, akasema jikoni kwake ipo nafasi moja: Ijumaa nikampikie karoti zilezile. Binamu yangu Kasuku, niliyemaliza naye shule, anaitaka nafasi hiyohiyo, naye atapika siku hiyo. Akaniuliza nimeweka nini. Nikatabasamu kama mpishi mwenye siri.

Jumanne, 5 Machi
Mpango: kumpeleleza fundi bila kumuuliza. Kuuliza siwezi, ulimi hunikwama. Nikampelekea sketi isiyo na kasoro yoyote, nikakaa kwenye stuli nikinusa. Alikuwa anapika maharage. Nimerudi na sketi fupi.

Jumatano, 6 Machi
Sketi ya pili. Fundi akavua miwani. "Mwanangu, mbona unanimalizia uzi? Sema unachotaka." Nikaiambia sakafu kwamba mama anaulizia zile karoti. Akacheka. Karoti zilizong'olewa karibuni, maji kidogo, chumvi, siagi, funika, zikilainika epua. Basi! Nikashukuru sana. Ni mtu mzima, siwezi kusema ni mwongo. Lakini ananificha kitu. Nani alambe kijiko kwa sababu ya maji kidogo?

Alhamisi, 7 Machi
Siku ya kuisaka siri. Nimejaribu tangawizi, mdalasini, karafuu, ndimu, asali. Baba aliporudi kazini akauliza nani anaumwa. Dalili nzuri: harufu inafika mlangoni.
Kisha nikamsikia Kasuku kwenye korido. Kasimama mlangoni kwa fundi, kama alivyosimama kwa kila jirani, anauliza wazi, kwa sauti, karoti tamu hupikwaje, bila hata sketi ya kisingizio! Fundi kampa maneno yaleyale. Maskini, naye kadanganywa. Kidogo nimwonee huruma.

Ijumaa, 8 Machi
Kantini. Kasuku: maji, chumvi, siagi. Hata jasho hakutoa. Mama mdogo akala, akaongeza, akafuta sahani kwa mkate. Kwangu alichukua kipande kimoja, akatafuta maji. "Mwanangu, hii ni mboga au dawa ya kifua?" Wapishi wakacheka, mmoja akajikoholesha akiomba dozi. Kasuku anaanza kazi Jumatatu. Akanipa pole kwa sauti iliyosikika mpaka ghalani. Nimelia chooni, polepole, nisiwasumbue wenzangu.

Jumamosi, 9 Machi
Nimetafakari kosa langu kwa kina. Ni iliki. Sikuweka iliki!
Jioni mama mdogo kapiga simu. Ati zile karoti za kwanza bado anaziota, huenda jana niliingiwa na woga tu. Kesho anakuja kula kwetu. Akionja kitu cha maana, atanitafutia nafasi nyingine. Akauliza kama viazi vitamu naviweza. Nikamwambia nimevipika tangu utotoni.
Sijawahi hata kuvimenya.
Wewe uliyesoma mpaka hapa, tafadhali, usimwambie mtu. Hasa Kasuku. Yule atakwenda kuuliza.