Kiunganishi Kisichoingiza Maji

Jumatatu, 3 Machi
Fundi mkuu wa karakana anastaafu. Kiti ni changu! Kikwazo ni shemeji, mume wa dada yangu. Leo ameleta viunganishi vipya vya kebo za kamera za nyuma za malori ya mawe. Vya chuma, pini nyembamba kama sindano, mpira ndani, unazungusha hadi vilie ta! Anadai havijali vumbi, maji, joto wala mtikisiko, na picha inamfikia dereva papo hapo. Meneja kaanza kumwita shemeji "mhandisi". Mhandisi! Mtu aliyewahi kujifungia kwenye banda la kuku!

Jumanne, 4 Machi
Nimetengeneza changu. Plagi ya kawaida, mpira wa baiskeli, nta ya mishumaa. Kinafanana na soseji, lakini sura si hoja. Mke wangu kauliza mishumaa imekwenda wapi. Nimesingizia panya.

Jumatano, 5 Machi
Nimemwambia meneja kwamba kununua vya watu ni kujidharau. Kalewa maneno yangu! Ijumaa ni mashindano: malori mawili, bomba la maji, kisha kurudi nyuma kwa kutegemea kamera tu. Langu ataendesha Mama Gia, dereva anayeogopwa na kila mtu hapa. Shemeji kaniuliza kwa upole kama nimekijaribu kwenye joto. Wivu huo!

Alhamisi, 6 Machi
Nimekizamisha kwenye ndoo dakika kumi. Hakikuingiza hata tone! Joto sikujaribu, ndoo haina joto. Dada kaja kunisihi nimwache mumewe. Eti akipata cheo ataniomba niwe msaidizi wake. Msaidizi! Nimemwambia asubiri kesho.

Ijumaa, 7 Machi
Sijui nianzie wapi.
Malori yalipigwa maji, viunganishi vyote viwili vikahimili. Nikapiga makofi peke yangu. Kisha Mama Gia akaunguruma kurudi nyuma. Injini ikachemka, joto likafika kwenye kiunganishi changu, nta ikayeyuka, picha ikaganda. Skrini ikabaki ikionyesha uwanja mtupu, wakati meneja alikwishaingia hapo nyuma kutazama kwa karibu. Mimi nilipiga kelele. Shemeji alikimbia, akamkumbatia meneja, wakaanguka wote kwenye tope. Lori likalikalia gari la meneja lililoegeshwa ng'ambo ya uwanja.
Mama Gia akashuka. Akaniuliza kama nina watoto. Nikasema wawili. Akasema hao ndio walioniokoa leo.

Jumatatu, 10 Machi
Shemeji ndiye fundi mkuu. Meneja alitaka kunifukuza, shemeji akaniombea, kwa hiyo sasa ninaosha malori. Dada hapokei simu zangu.
Mwisho wa wiki nimejichunguza moyo bila kujionea huruma, na kosa langu nimeliona: nilichagua dereva mbaya.
Halafu leo, nikiwa chini ya lori, nimesikia breki za lori jingine lililokuwa likiingia zikilia kwa kelele ya aibu. Karakana nzima hakuna aliyewahi kufikiria kuzilainisha. Nina ndoo tele za sabuni. Shemeji hana habari!