Krismasi ya Mlango Wazi

Jumamosi, 18 Desemba 1954. Halifax, Uingereza.

Baridi. Maji ya kunawia yameganda kwenye beseni, nikayavunja kwa mpini wa mswaki. Nimevaa fulana mbili, soksi mbili kila mguu, na sweta ya marehemu Bwana Hoyle niliyopewa na mjane wake, mama mwenye nyumba. Mikono ya sweta inapita vidole. Lakini sweta ni sweta, nashukuru.

Leo Koku amesema. Mke wangu Kokushubila hasemi ovyo, akisema, ameshapima. Amesema tangu tushuke melini mwezi wa Septemba hakuna binadamu aliyepiga hodi kwetu ila mtu wa mita ya gesi. Kule kwetu Chang'ombe, Temeke, kabla chai haijachemka, jirani yetu Mwajabu ameshaingia mara mbili, mara ya kwanza kuomba chumvi, mara ya pili kuirudisha. Hapa anaongea na kuta. Basi, meli inaondoka tarehe nane Januari na nafasi ameshaulizia. Krismasi ikipita bila mgeni hata mmoja kukanyaga chumba hiki, yeye anarudi Temeke. Mimi nitabaki na kozi yangu ya ualimu mpaka Julai, nikijipikia.

Mgeni mmoja tu. Mwanamume aliyesoma hawezi kushindwa na mgeni mmoja.

Jioni ikaja barua ya Gozbert kutoka Leeds. Tulifundisha shule moja, tukaja meli moja, na tangu hapo hajaacha kunishinda kwa makusudi. Anaarifu kwamba amealikwa Krismasi na familia tatu. Tatu! Anauliza sisi tumealikwa wapi. Nimejibu kwamba bado tunachagua.

Jumapili, 19 Desemba.

Mpango wa kwanza: kanisani. Baada ya misa nilisimama katikati ya mlango mkuu ili anayetaka kunialika asinikose. Walinipa mkono wote, wazee kwa watoto. Kila mmoja aliniambia kuna baridi. Nilikubali. Nikaendelea kusimama. Mwisho akaja mtunza kanisa na funguo zake, akaniambia kwa upole kwamba kuna baridi.

Koku alikuwa ameshafika nyumbani zamani. Alinipashia maji ya kuloweka miguu bila kuniuliza kitu. Nashukuru kwa maji.

Jumanne, 21 Desemba.

Furaha! Kadi imeingizwa kwenye tundu la barua. Ina picha ya ndege mwenye kifua chekundu, na ndani imeandikwa kwamba wote wa namba kumi na nne wanatutakia Krismasi njema. Namba kumi na nne ni kwa Bibi Sugden, ukuta kwa ukuta.

Nimelifikiria kwa makini. Mtu hampelekei barua jirani anayemsikia akipiga chafya, ila ana jambo. Na kwetu kadi ni mwaliko. Alichosahau ni kuandika saa tu. Nikavaa suti. Koku akavaa gauni alilovaa harusi ya dada yake. Saa kumi kamili tukagonga.

Bibi Sugden alifungua akiwa na taulo kichwani na povu sikioni. Nilimwambia tumeipata kadi. Akasema vizuri. Nikasema tumefurahi mno. Akasema na yeye pia. Tukasimama. Baadaye akasema kuna baridi, akatutakia heri tena, akafunga.

Koku hakusema neno njia nzima. Njia yenyewe ni hatua sita, lakini niliisikia.

Alhamisi, 23 Desemba.

Nimegundua kosa liko wapi. Si la Waingereza. Ni la mlango.

Kule kwetu siku ya Krismasi nani anaalikwa? Hakuna. Watu wanauona mlango. Unafunguliwa baada ya misa na haufungwi mpaka watu walale. Ukifungwa, majirani wanajua kuna ugonjwa au ugomvi. Mwajabu na watu wa kwake ni Waislamu, lakini ndio huwa wa kwanza kuingia, na siku ya Idi sisi ndio wa kwanza kwao. Sasa mlango wetu hapa, unaotazama barabara, umefungwa tangu Septemba. Kwa ndani Bibi Hoyle amebandika karatasi: FUNGA MLANGO, MAKAA NI GHALI. Nani ataingia?

Na Bibi Hoyle anaondoka kesho kwenda kwa dada yake mpaka Jumatatu. Mungu ni mwema.

Nimemweleza Koku kwamba siku ya Krismasi mlango utakuwa wazi kutwa. Amenigusa paji la uso kuona kama nina homa.

Ijumaa, 24 Desemba.

Bibi Hoyle ameondoka. Ametuachia keki nyeusi ya matunda na kurudia habari ya mlango mara mbili. Nilimshukuru kwa vyote.

Nyama imepatikana, na mwenye bucha amemwongezea Koku mfupa mzuri bila kuombwa. Viungo tunavyo: Mwajabu alitutumia kwa meli kifurushi kilichoshonewa kaniki, ndani iliki, mdalasini, karafuu na bizari nzima. Koku alikifungua, akanusa, akakifunga, akatoka chumbani. Nilimwacha atoke.

Tatizo ni mchele. Hapa wanauza ule mfupi mfupi wa kupikia uji wa maziwa. Koku anasema pilau litakuwa bokoboko. Nimesema wageni hawatajua tofauti. Ameuliza wageni gani.

Jumamosi, 25 Desemba. Krismasi.

Saa tano asubuhi nilifungua mlango wote na kuuzuia kwa ndoo ya makaa. Upepo ukaingia bila kualikwa. Nusu saa baadaye moto ulikuwa umekufa. Koku alipika amevaa koti na kilemba.

Saa sita, hakuna mtu. Saa saba, hakuna mtu. Wapita njia walichungulia wakaongeza mwendo. Niliimba wimbo wa Noeli ili wajue tuko wazima. Wakaongeza mwendo zaidi.

Saa nane kasoro Koku alipakua sahani mbili tu. Kisha akashusha sanduku kutoka juu ya kabati, akaanza kukunja magauni. Naandika ukweli kwa kuwa hakuna anayesoma hapa: niliogopa. Sikuwa na mpango mwingine mfukoni.

Hapo fimbo ikagonga kizingiti. Mzee Ramsden wa ng'ambo ya barabara. Alisema mlango wetu uko wazi. Nikasema ndiyo, karibu. Akasema anamaanisha uko wazi kabisa. Nikasema ndiyo, kabisa, karibu ndani. Nikamshika mkono, nikamkalisha kwenye kiti changu. Kabla hajasema mara ya tatu, Koku alikuwa ameshamwekea sahani mapajani. Akala. Akauliza anakula nini. Akaomba kuongezwa.

Hajamaliza, Bibi Sugden anaingia na shali. Akasema ameona mlango uko wazi, akadhani gesi imetuua. Karibu! Nyuma yake askari polisi, mrefu, masharubu yana umande. Akasema wapita njia wamemwarifu kwamba mlango namba kumi na mbili uko wazi. Karibu! Alivua kofia akaila sahani nzima kwa nidhamu kubwa.

Hapo ndipo nilipoelewa. Ni desturi yao. Kwetu mgeni husema hodi; Mwingereza husema mlango wako uko wazi. Ni watu wenye haya, hawawezi kutamka kwamba wamefuata chakula. Miezi mitatu naishi hapa na hakuna kitabu kilichonieleza jambo hili.

Saa kumi akatokea Bibi Hoyle mwenyewe na sanduku lake. Wamegombana na dada yake kuhusu kumuoka bata. Alisimama kizingitini akasema, tena kwa sauti kubwa, kwamba mlango uko wazi. Hata yeye, kwenye nyumba yake! Nikamwambia karibu. Akafungua kinywa tena, lakini Koku alikuwa ameshamvua koti na kumsogeza karibu na mzee. Askari akausukuma mlango kwa mguu, ukajifunga.

Pilau lilikuwa bokoboko kweli. Bibi Sugden alisema hajawahi kula uji wa mchele wenye nyama, na kwamba amekosa mengi. Mzee Ramsden alisema mkewe alifariki Februari, na tangu siku hiyo hakuna mtu aliyemwekea sahani mbele yake. Koku alikwangua sufuria akampa ukoko wote, ukoko ambao kwetu hapewi mtu hivi hivi.

Ninashukuru. Siwezi kuandika zaidi, vidole havikunjiki.

Jumapili, 26 Desemba.

Mafua makali, mimi na Koku. Bibi Hoyle ameiona ndoo ya makaa ilivyobaki tupu. Alisema mengi kuhusu baridi, makaa na watu wasiosoma karatasi. Mwishoni akauliza kama ule wali umebaki.

Sanduku bado liko sakafuni. Sikuuliza.

Jumatatu, 27 Desemba.

Asubuhi Koku alinipa barua nimsahihishie Kiingereza. Ni ya watu wa meli. Nafasi yake wampe mwingine. Niliisoma mara tatu nikitafuta kosa, nikakosa. Amesema hawezi kuondoka sasa, nani atampikia mzee yule? Na Jumatano Bibi Sugden anakuja kujifunza kusaga viungo. Sanduku limerudi juu ya kabati. Nililipandisha mwenyewe, haraka.

Nikamwambia umeona, mpango wangu umefaulu. Aliniangalia, akasema ndiyo, Mwalimu.

Nimemwandikia Gozbert kwamba tulipokea wageni wanne, mmoja wa serikali. Nimemfundisha na ile salamu ili asizidi kujiaibisha mbele za wenyeji.

Jioni tukaenda kumrudishia mzee Ramsden matembezi. Mlango wake ulikuwa umefungwa. Niligonga, akafungua. Nikavua kofia nikamwambia kwa ufasaha, kama desturi inavyotaka, kwamba mlango wake uko wazi. Mzee aliutazama mlango, kitasa bado kiko mkononi mwake. Akamtazama Koku. Kisha akasema ni kweli, uko wazi, basi ingieni.

Koku alicheka mpaka akashika ukuta. Kicheko kile sijakisikia tangu Chang'ombe. Sijui alichekea nini, lakini nilimshukuru Mungu, nikafuta viatu, nikaingia.