Ndago za Mama Jaji

Jumatatu, 5 Mei

Leo nimetimiza miaka miwili na miezi mitatu tangu niondoke nyumbani. Mgongo unauma. Mke wangu amepiga simu asubuhi kusema kwamba kitinda mimba wetu, niliyemwacha bado yumo tumboni, sasa anaongea. Wakimwonyesha picha yangu anaiamkia, shikamoo mjomba. Mjomba! Chai ilinishinda.

Kwa hiyo likizo ya Juni lazima iwe yangu. Shida ni kwamba tuko watunza bustani wawili, na mmoja akiondoka mwingine lazima abaki. Mwenzangu tunamwita Koti, kwa sababu halivui koti lake hata jua likiwa la utosini. Tunalala chumba kimoja nyuma ya gereji. Anakoroma kama mashine ya kusaga.

Mama Jaji, mwenye nyumba, alistaafu kazi lakini hajastaafu kuhukumu. Ametusimamisha barazani, akatamka. Upande wa jikoni ni wangu, upande wa geti ni wa Koti. Atakayemaliza magugu na kutoa mboji safi ndiye atakayekwenda kwao. Wa pili atasubiri Desemba. Hakuna rufaa.

Jumatano, 7 Mei

Mama Jaji ametupa sheria za mboji, alizozitoa kwenye semina. Magugu machanga, ambayo hayajatoa mbegu, yanaingia kwenye rundo moja kwa moja, tabaka la mabichi, tabaka la majani makavu. Magugu sugu ni kesi nyingine. Ndago ina vinundu chini ya ardhi, kimoja kikibaki, ukoo wote umebaki. Kwanza iuawe. Ama izamishwe kwenye pipa la maji lenye mfuniko mpaka iwe uji, ama ianikwe juu ya bati mpaka ivunjike kama biskuti. Ndipo iingie kwenye rundo. Na rundo ligeuzwe kila wiki, ili joto lifike kila pembe.

Koti aliitikia kila neno kama mwanakwaya. Upande wangu una ndago nyingi kuliko udongo. Kuizamisha yote ni kazi ya mwezi. Nimesoma mpaka darasa la sita tu, lakini najua kwamba kitu kikifukiwa kimefukiwa. Nimeijaza mbichi katikati ya rundo, nikaifunika kwa majani ya mwembe.

Koti ameona. Kaniuliza, "Profesa, hivi ndago inaishi wapi siku zote? Si ardhini? Sasa unamfukia mtu chumbani kwake?"

Wivu.

Jumamosi, 10 Mei

Upande wangu umemaliza kupaliliwa. Koti bado anachambua vinundu kama mtu anayechambua mchele. Hata hivyo maneno yake yamenikaa kichwani, kwa hiyo nimefanya jaribio la kitaalamu. Nimefukia yai juu juu kwenye rundo. Likiiva, basi joto la kuua ndago lipo. Nililifukua baada ya chakula cha mchana. Lilikuwa vuguvugu. Nimelirudisha, maana sayansi inataka subira.

Jumatano, 14 Mei

Siku mbaya. Pipa la Koti linanuka hata likiwa limefunikwa. Leo Mama Jaji alikuwa na wageni barazani, nikaona bora mfuniko usogee kidogo, upepo ufanye kazi yake, kisha Koti ajieleze. Mfuniko ulikuwa umekaza. Nilivuta kwa nguvu. Pipa likaja lote.

Hakuna maneno. Nimeoga mara tatu, mara moja kwa sabuni ya vyombo. Wageni waliondoka, lakini walikuwa wananiangalia mimi. Koti hakukasirika, ndicho kinachoniudhi. Aliniambia nimemsaidia kumwaga maji, maana ndago yake ya kwanza ilikuwa imeshaoza na leo ndiyo ilikuwa siku ya kuitia kwenye rundo. Kisha akaburuta mkeka wangu mpaka nje ya mlango, akasema, "Ndugu yangu, mapenzi yana mipaka."

Kuhusu yai: kuku mwekundu wa Mama Jaji amelipata. Amelikalia na kuongeza ya kwake. Nilipokwenda na uma nigeuze rundo, alinidonoa goti. Mama Jaji aliona toka dirishani. Ameamuru rundo lisiguswe mpaka vifaranga vitoke. Joto ambalo halikutosha kuivisha yai linatosha kulilea.

Alhamisi, 22 Mei

Rundo langu limeota nywele. Ndago imetoka pande zote, kijani, nene, ina afya kunizidi. Kuku amekaa katikati kama bibi arusi kwenye maua. Siwezi kugeuza. Siwezi kung'oa. Koti ameniita shemeji wa kuku. Mboji yake imeanza kuwa nyeusi na inanuka kama mvua ya kwanza. Anaigeuza kila Jumatatu huku anapiga mluzi.

Mke wangu kapiga tena. Kauliza, unakuja au huji, maana mtoto kaanza kumwita fundi wa paa baba. Kasema fundi ni mzee wa meno mawili, nisipate presha. Nimepata.

Jumapili, 25 Mei

Akili imekuja. Nilichokosea si ndago, ni mahali ilipo. Gugu ni jani lisilo na chungu. Nimechukua vyungu vitupu nyuma ya gereji, nikavipaka chokaa, nikahamishia ndago zilizo pembeni mwa kuku, na juu nikapanga mawe meupe. Nikampelekea Mama Jaji barazani. Kaniuliza jina. Nikasema majani ya kifalme. Alivaa miwani, akayatazama, akasema yana adabu. Jirani yetu, daktari wa meno, alikuwepo. Naye akaomba. Nikampa vyungu vinne, nikamshauri ayapande kabisa kando ya nyasi zake, yatajaza haraka.

Hilo la kujaza haraka lilikuwa kweli tupu.

 Koti alinitazama kama mtu anayemtazama mwingine akipanda ngazi isiyoegemea ukuta.

Jumanne, 10 Juni

Vifaranga vilitoka wiki iliyopita, kuku kahama na familia. Rundo ni langu tena. Lina ndago kidogo, lakini nimezikata juu kwa panga na sasa linaonekana jeusi kabisa. Mboji ni rangi. Nimempelekea daktari wa meno toroli kadhaa bure, na nyingine nimemwaga kwenye maua ya Mama Jaji, akasema ushindani umekuwa mgumu. Nimeanza kukunja nguo.

Jumatano, 18 Juni

Kesi imesikilizwa barazani. Daktari wa meno alikuja na viatu vya hospitali, ameshika fungu la majani ya kifalme. Yameingia kwenye nyasi zake, yametoboa njia yake ya lami, na mke wake ameyakuta ndani ya chungu cha pilipili. Majirani wengine wawili walikuwa nyuma yake. Kumbe aliwagawia.

Mama Jaji akaniuliza kwa sauti ya chini, ile aliyowahukumia watu kifungo cha maisha, jani hili linaitwaje. Nikajibu kwamba kila nchi ina jina lake. Akamwita Koti kama shahidi. Koti akang'oa moja, akalining'iniza. Vinundu vikapangana kama shanga.

Hukumu: Koti ameshinda. Mboji yake haina hata unyasi mmoja. Lakini mtaa mzima sasa una ndago, na anayejua kuiua ni Koti peke yake. Kwa hiyo Koti hatakwenda popote mpaka Desemba. Mimi nisiguse udongo wa mtaa huu. Niondoke Jumapili, likizo ya mwezi mzima, na majirani wasinione nikitoka.

Koti alivua koti. Mara ya kwanza nimeona mikono yake. Alikaa kwenye ngazi akanong'ona kwamba binti yake naye anamngoja. Nikamfariji, nikamwambia bidii hulipwa, asikate tamaa. 

Jumamosi, 21 Juni

Nguo ziko tayari. Koti hajasema nami tangu Jumatano, ila jana alinisaidia kufunga begi, zipu yake mbovu. Mtu mzuri, akili hana. Ningekuwa nimezamisha ndago kama yeye, leo ningekuwa naua ndago za watu.

Mke wangu kasema nisije mikono mitupu, na kwamba udongo wa bustani yake ya mboga umechoka, hata mchicha unasinyaa. Zawadi ninayo. Nimejaza gunia la mboji yangu, lile tabaka la katikati, lenye nguvu zaidi. Utingo kasema litakaa juu ya basi. Asubuhi ya leo limeanza kutoboka pembeni, yametokeza majani ya kijani kichanga, dalili ya rutuba.

Jumatatu jioni nitakuwa nyumbani. Nimemwambia asipande kitu mpaka nifike, nitaimwaga mwenyewe.