Beringi Mbili za Gari la Baba

Jumatatu, 4 Machi

Gari linanguruma. Si injini, injini nzima kabisa. Ni matairi ya nyuma, yote mawili, yanalia vuuu kuanzia getini mpaka barabara kuu. Fundi amelisikiliza mara moja tu akasema beringi zimekwisha, na nikizidi kuliendesha hivi, siku moja nitaona tairi langu mwenyewe linanipita njiani. Mafundi na utani wao!

Mke wangu hakucheka. Yeye ni fundi cherehani, na anakatia nguo kwenye meza ya chakula kwa sababu uwani pamejaa gari. Sisi wengine tunakula tumepakata sahani. Ametoa amri. Jumapili tunakwenda kwa mama yake kwa gari hili, na tunarudi kwa gari hili. Likishindwa, kesho yake anakuja mnunuzi wa vyuma chakavu, na uwani panajengwa banda la kushonea.

Nikamkumbusha kwamba ni gari la marehemu baba. Milango miwili, viti viwili, kimoja chake na kimoja changu, kila asubuhi mpaka shuleni. Akasema anajua, ndiyo maana amelivumilia miaka kumi na moja. Nikatoka nje nikalifuta vumbi.

Jumanne, 5 Machi

Fundi amezitoa. Nzito, zimelowa grisi, na ubavuni zimechongwa namba na herufi. Akasema namba hiyo ndiyo kila kitu, ukiwa nayo unapata nyingine kama hiyo popote duniani. Popote! Yaani hata shemeji anaweza kuipata!

Shemeji ni kaka yake mke wangu. Anatengeneza pampu za maji, na gari langu huliita kabati. Akiiona namba ataleta beringi kabla chai haijapoa, halafu mpaka naingia kaburini atakuwa anasimulia watu jinsi alivyoniokoa. Thubutu!

Nyumbani niliziweka mezani nikaenda kunawa. Kurudi, mke wangu ameshazifunga matambara, amezikalisha juu ya kitambaa anachokata ili kisiteleze, na anaandika kitu kwenye daftari lake la vipimo. Nikazinyakua. Akalalamika kwamba zilikuwa zinamfaa sana.

Kisha nikachukua tupa, nikaikwangua namba. Kwenye zote mbili, nisiache ushahidi. Hata humu siiandiki. Ninayo kichwani. Mimi ni mwalimu wa hesabu bwana, tarakimu nne na herufi mbili ni kitu gani?

Jumatano, 6 Machi

Zimenitoka.

Sita ipo. Saba ipo. Sifuri ipo mahali fulani. Leo wanafunzi walikuwa kwenye mtihani, mimi nikawa naandika namba ubaoni na kufuta, naandika na kufuta. Darasa zima likanakili. Walidhani ni swali la mwisho.

Baada ya vipindi nikaenda duka la spea. Muuzaji akazigeuzageuza beringi, akauliza ni mwendawazimu gani aliyefuta namba. Nikamwambia nami nilishangaa vilevile. Akapima upana kwa rula, akanipa mbili kwenye boksi la kupendeza lenye picha ya simba aliyevaa medali. Nani asingemwamini simba yule?

Alhamisi, 7 Machi

Simba mwongo! Fundi amezifunga asubuhi, na mtaa wa pili tu gari likaanza kulia kuliko mwanzo. Watu wakatoka nje kuangalia. Akazifungua: gololi moja imepasuka, na ule weupe wa nje unabanduka kama ganda la kitunguu.

Muuzaji hakuona hata haya. Akasema hizo ni za kupimiwa kwa rula, nilitegemea nini? Za kutegemewa huagizwa ghalani, na ghala halipimi, linasoma namba. Bila namba nisisumbue watu.

Nimerudi nimechoka hoi. Meza haina hata pa kuweka kiwiko. Mke wangu amepata vikandamizio vipya vya kitambaa, vinne, mviringo, kila kimoja kimeshonewa kijifuko cha maua. Nikamwambia wenzako tunahangaika, wewe unajipambia vyuma. Akaniuliza hasa ninatafuta nini. Nikamjibu ni mambo ya kiufundi, hayamhusu. Akasema haya.

Ijumaa, 8 Machi

Mpango kabambe! Nimeorodhesha kila namba inayoweza kutokea kwa sita, saba, sifuri na tarakimu moja isiyojulikana. Kurasa tatu. Nikaenda nazo ghalani, nimefunga tai.

Mama wa ghalani akasoma ukurasa wa kwanza, akapandisha miwani kwenye paji la uso, akaniuliza nimekuja kununua beringi au kucheza bahati nasibu. Akamwita mlinzi anisindikize.

Nyumbani nikamkuta mnunuzi wa vyuma chakavu anapima gari kwa futi. Eti anajiandaa tu. Amegonga mlango wa baba kwa kisigino cha kiatu! Nikamwambia aondoe mguu wake kabla sijamwondoa mwenyewe.

Jumamosi, 9 Machi

Nimeshindwa. Mchana nilikaa ndani ya gari, upande wangu wa zamani, si wa dereva. Nikalia, kwa nini nifiche. Mke wangu akaja kuanika nguo akanikuta. Akauliza tena ninatafuta nini. Safari hii nikamweleza yote, tupa na simba na kurasa tatu.

Alicheka mpaka akashika ukuta. Akaingia ndani, akatoka na kikandamizio na mkasi, akachana kile kijifuko cha maua. Beringi! Mpya, inang'aa, namba yake ubavuni! Kumbe Jumanne zile kuukuu zilimpendeza akaandika namba kwenye daftari, akamsomea kaka yake, na kaka akaleta nne siku iliyofuata. Za pampu zinazozunguka wiki nzima bila kupumzika. Ndizo zilizokinyima kiwiko changu nafasi!

Fundi amefunga mbili. Kimya. Nasikia hadi springi ya kiti.

Nikauliza kama shemeji anajua. Akasema anajua ni za kushikilia kitambaa tu. Mungu mkubwa!

Jumapili, 10 Machi

Tumekwenda, tumerudi. Mama mkwe mwenyewe alizungushwa mtaani ameshika kilemba, anapungia watu. Gari la baba linabaki! Mke wangu ameridhia, banda litajengwa ubavuni. Nimefurahi mpaka nimeimba.

Shemeji alikuwepo. Aliinama akategea matairi sikio, akakiri kabati limetulia, akauliza beringi nimezipata wapi. Nikasema nina watu wangu ng'ambo. Mke wangu akaangalia sahani yake. Shemeji akaomba namba. Nikamwambia ni siri ya familia.

Lakini hatari bado ipo. Hizo mbili zilizobaki mezani zina namba, na siku yoyote atakuja kumtembelea dada yake. Jioni hii nimezifungua vijifuko, nimezipiga tupa safi. Halafu daftari la vipimo: nimeuchana ukurasa, nimeuchoma jikoni. Namba ninayo kichwani, sita, saba, na ile sifuri yake.

Sasa hivi ndiyo nimekumbuka kwamba nyuma ya ukurasa ule kulikuwa na vipimo vya gauni la mama mkwe, na linakatwa kesho asubuhi. Si neno. Nimekaa naye meza moja mchana kutwa, na mimi ni mwalimu wa hesabu. Nimeandika vipimo vingine kwa kukadiria.