Mnyoo Chini ya Boti Yangu

Jumatatu, 3 Machi
Roho iko juu. Nimechungulia tumbo la boti nikaona mnyoo amejishika karibu na propela, kichwa kimechanua kama brashi ya vumbi. Ndiye yule wa kwenye bango la getini: mgeni hatari, ukimwona piga simu. Nikipiga, boti yangu haitoki bandari hii ya Whangārei. Jumamosi ni shindano la kuvua, na bingwa wa mwaka jana ni mimi. Sipigi.

Jumanne, 4 Machi
Nimemkwangua kwa kisu. Kakatika vipande, vyote vikazama. Safi! Noeline wa boti ya jirani akauliza natafuta nini majini. Nikasema miwani. Akaniambia ninayo usoni.

Jumatano, 5 Machi
Sijalala. Nasikia vipande vya mnyoo huyu huota upya! Vimelala pale pale chini yangu, na kesho Hemi, mzamiaji wa bandari, anakagua gati zima. Nimemwomba Noeline tubadilishane nafasi za kuegesha boti, nikisingizia upepo unanionea. Nilitarajia ubishi. Kakubali kabla sijamaliza kusema. Mama mwema. Nimemwonea haya, ila si sana.

Alhamisi, 6 Machi
Nimechimba kisima nimeingia mwenyewe. Nguzo za nafasi ya Noeline, ambayo sasa ni yangu, zimejaa minyoo juu hadi chini! Alijua tangu Krismasi, akanyamaza kwa ajili ya shindano hilo hilo. Hemi alitusimamisha wote.
"Wazee wangu, mmoja namtoa kwa mkono, namtia mfukoni, yamekwisha. Hawa sasa nawatoaje?"
Gati limefungwa. Hakuna boti kutoka, hakuna shindano. Noeline akaninong'oneza, "Upepo vipi huko, bingwa?"
 

Jumamosi, 8 Machi
Tumekaa gatini na Noeline, tumenuniana. Mshipi wangu ukapanda na kaa nisiyemjua, miguu ya nyuma bapa kama makasia. Tukaenda kutazama bango. Yupo, chini ya mnyoo.  Noeline akasema tukimwita Hemi tutafungiwa hadi Pasaka. Nikamwambia kaa mmoja hana neno. Tumemchemsha, tukamla kwa siagi. Mtamu!
Hemi kapita akauliza kama tumeona chochote kigeni. Nikamjibu huku natafuna kwamba bahari ni safi kabisa.
Alikuwa jike, na mayai tele tumboni. Mayai siyapendi, kabla ya kumchemsha niliyasuuza yote yakaenda baharini.