Kisu Kinachofunga Vizuri

Mheshimiwa Mwenyekiti, Mheshimiwa Makamu, Kaimu wa Makamu, mafundi viatu, mafundi maturubai, na wewe shemeji yangu uliyekaa mbele na kidole kilichofungwa kitambaa, itifaki imezingatiwa! (Makofi ya viongozi.)

Leo hii, mimi mwenyewe, Mkurugenzi wa Uratibu wa Zana za Kukunjwa, nasimama mbele ya mlango huu wenye utepe, lango la Maabara ya Kulinganisha Visu vya Kukunja, kuwathibitishia kwamba kilio chenu, kuwa visu vinajikunja katikati ya kazi na kuwakata vidole, kimesikika, kimechakatwa na kimeingizwa kwenye paiplaini ya utekelezaji. (Sauti: “Basi kimeziba!” Kicheko.)

Kamati yangu, chini ya uongozi wangu shupavu, imelinganisha kisu cha springi tupu, kisu chenye ulimi wa chuma ndani ya mpini, na kisu chenye pete ya kuzungushwa shingoni mwa mpini, kwa kigezo mlichokiomba wenyewe kwa sauti moja: “Tunataka kisu kinachofunga vizuri.” Naona fahari kutangaza kwamba kisu cha springi kimeongoza kwa asilimia mia na nne, kwani ukikigusa mgongoni tu, pa, kimefunga! Cha ulimi kilisitasita. Cha pete kimeburuta mkia: tulikisukuma, tukakibana kwenye meza, dereva wangu akakikandamiza kwa goti, kikakataa katakata kufunga. Ndiyo maana tumepiga marufuku visu vya pete, na jana tulivikusanya vyote sokoni. (Minong’ono.)

(Shemeji, fundi maturubai, anasimama: “Shemeji, tulisema kifunge kikiwa wazi, kisirudi! Hicho cha springi ndicho kilichonila kidole. Cha pete ndicho kinachonilishia watoto, nirudishie!” Makofi marefu, si ya viongozi.)

Shemeji, ya nyumbani tuyaache nyumbani. Kufunga ni kufunga, na ofisi yangu huongea kwa vitendo. Tazameni: nakifungua bingwa wetu huyu, nausogelea utepe, nabonyeza hivi, na… mama yangu wee! (Kicheko hadi safu ya viongozi.) Ni… ni mafanikio, ndugu zangu. Kimefunga. Shemeji, una kitambaa kingine?

(Shemeji anamfunga kidole: “Haya, huku nako ni kufunga vizuri. Kisu changu?”)

Kiko mfukoni mwangu, shemeji. Kishike. Nimekuwa nikikitumia kumenyea machungwa, na kwa kweli hakijanisaliti hata mara moja. Kata utepe wewe. (Anazungusha pete, anakata. Vigelegele.) Marufuku imefutwa! Pete juu! (Umati: “Juu!”) Kidole kimoja, taifa moja! (Kicheko.)

Kwa kumalizia, namshukuru dereva wangu kwa goti lake, mke wangu kwa meza yake ya jikoni tuliyofanyia vipimo vyote, na seremala aliyetuazima mlango huu pamoja na fremu yake. Wewe uliyeuegemea, tafadhali simama: nyuma yake ni uwanja mtupu, na mwenye mlango ameshakuja na mkokoteni.